Kitabu cha Anwani Kisichojua Majina ya Amu

Baruapepe yenyewe ilikuwa fupi: aya tatu na karatasi moja ya daktari. Nahodha wa boti ya ofisi yetu alikuwa ameambiwa ana maradhi ambayo hakutaka yajulikane mpaka ayaseme kwa kinywa chake, nyumbani kwake, kwa wakati wake. Mimi ndiye niliyekabidhiwa karatasi zake nizipeleke kwa mtu wa bima Mombasa. Nikaandika, nikaambatisha, nikasoma mara mbili kutafuta makosa ya tahajia. Kwenye mstari wa mpokeaji nikaandika fatuma moh, nikabonyeza Ctrl na K kama nifanyavyo kutwa nzima, jina likajikamilisha na kupigiwa mstari chini. Nikatuma, nikaenda kusali adhuhuri.

Haikufika Mombasa. Ilifika Malindi, kwa Fatuma mwingine, mfanyakazi wa shirika hili hili katika tawi ambalo sijawahi kulikanyaga. Yeye hana kosa lolote. Alifungua barua iliyotoka kwa mwenzake wa kazi, akaona jina la mtu anayemjua, maana kwao kwa upande wa mama ni Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu. Akahuzunika. Akampigia simu shangazi yake kumwuliza hali ya mgonjwa na kumwombea. Shangazi naye hakuwa na nia mbaya. Watu walipotoka msikitini alasiri, pale jeti walishaanza kumpa Nahodha pole. Mkewe aliipata habari kabla ya magharibi, kwa jirani, dirishani, huku akipepeta mchele.

Nimefanya kazi ya ofisi miaka tisa hapa Amu, kwenye jengo la mawe la ghorofa mbili linalotazama bahari, na sijawahi kuona kitu kidogo kama kile kikimuumiza mtu mzima namna ile. Ndiyo maana ninaandika haya kwa urefu. Nataka mtu mwingine anayekaa mbele ya kompyuta Faza, Mokowe, Malindi au popote penye akina Fatuma na akina Mohamed wengi aufungue mpangilio wa kitabu cha anwani cha programu yake ya baruapepe leo, kabla hajatuma barua yake ya kesho.

Jioni ile nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, peke yake, na daka la nyumba ile kwa kawaida halikosi watu wanne watano wakati huo. Nilimwamkia, nikakaa upande wa pili, nikamwambia kila kitu bila kuficha: nilivyoandika, nilivyobonyeza, ilivyokwenda. Nikamwomba radhi.

"Mwanangu," akanambia, "najua hukukusudia. Ila ile habari ilikuwa yangu niinene mimi. Sasa naisikia kwa watu, na mke wangu naye anaisikia kwa watu."

Sikuwa na jibu. Mkewe alituletea kahawa, akaweka sinia, akarudi ndani bila kunitazama. Kahawa ile niliinywa mpaka mwisho kwa sababu kuiacha kungekuwa kosa la pili.

Siku ya pili nilimpigia simu kijana wa kompyuta wa makao makuu, Nairobi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Dada, umechagua mtu ambaye siye. Hutokea." Nikamwambia sikuchagua mtu yeyote. Niliandika nusu ya jina, na programu ndiyo iliyochagua. Nikamwuliza kwa nini ilimchagua huyu, ilhali Fatuma wa bima nilikuwa nimemhifadhi kwenye anwani zangu wiki moja kabla. Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia. Akanipigia kweli, na alichonieleza siku ile ndicho ninachokieleza hapa, pamoja na mengine niliyoyapata kwa kuchokonoa mwenyewe usiku.

Outlook, programu ya baruapepe tunayotumia, ile ya kawaida inayowekwa ndani ya kompyuta, haina kitabu kimoja cha anwani. Ina orodha kadhaa. Ipo orodha ya shirika zima, inayotunzwa na wenye seva, ambayo mimi na wewe hatuwezi kuigusa. Yapo majalada ya anwani zako mwenyewe, watu uliowahifadhi wewe: fundi wa boti, mwenye duka la vifaa vya kuandikia, karani wa kaunti, mtu wa bima. Ukiandika sehemu ya jina na kubonyeza Ctrl na K, au ukituma tu, programu inakagua orodha hizo kwa zamu, moja baada ya nyingine. Ikimpata mtu anayelingana kwenye orodha ya kwanza, haina haja ya kwenda kwenye ya pili. Na kompyuta yangu, kama ilivyowekwa na ofisi, ilikuwa inaanza na orodha ya shirika.

Basi ilikwenda kwenye orodha ya shirika, ikamkuta Fatuma mmoja tu ambaye jina lake la pili linaanza na Moh. Wangekuwa wawili, ingenifungulia kidirisha na kuniuliza, unamtaka yupi? Kwa kuwa alikuwa mmoja, haikuuliza. Ilipiga mstari chini ya jina, na mstari ule maana yake ni kwamba imeshamjua mtu. Yule wa Mombasa, ambaye si mfanyakazi wetu na yuko kwenye anwani zangu peke yake, hakuangaliwa kabisa.

Kubadilisha zamu hiyo kunachukua dakika mbili. Bonyeza Ctrl, Shift na B kwa pamoja, kitabu cha anwani kifunguke kwenye dirisha lake. Juu yake pana menyu. Ingia palipoandikwa Tools, kisha Options. Utakuta maswali mawili, na naomba uyatenganishe, kwa sababu wengi hubadilisha moja wakadhani wamemaliza. Moja linauliza: unapotuma barua, nianze kutafuta majina kwenye orodha ipi? Hapo una njia tatu, kuanza na orodha ya shirika, kuanza na majalada ya anwani zako, au kupanga mwenyewe kwa kuzipandisha na kuzishusha orodha kwa mishale. Jingine linauliza: kitabu hiki kinapofunguliwa, kionyeshe orodha ipi kwanza? Hili la pili linahusu macho yako tu. Ukiligusa hili peke yake, utafungua kitabu na kuona watu wako juu kabisa, utaridhika, na barua zako zitaendelea kutafutiwa wenyewe kwenye orodha ya shirika kama zamani. La kwanza ndilo linaloamua barua inakwenda kwa nani.

Na jalada lako lisipoonekana kwenye orodha za kuchagua, usidhani limepotea. Nenda kwenye jalada lenyewe, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, tafuta ukurasa wa kitabu cha anwani, kisha weka alama ya kukubali jalada hilo litumike kama kitabu cha anwani za barua. Mwenzangu wa meza ya pili alihangaika asubuhi nzima kwa kukosa alama hiyo moja.

Kuna jambo jingine ambalo mpangilio huu hauligusi, nami sitaki mtu adanganyike. Yale majina yanayochomoza yenyewe ukiandika herufi mbili tatu yanatoka kwenye kumbukumbu ya watu uliowahi kuwaandikia, na kumbukumbu hiyo inahifadhi mpaka majina 1,000. Haifuati zamu uliyoipanga. Ukimwandikia mtu asiye sahihi mara moja, ataendelea kuchomoza na kukuvizia. Mwondoe: jina likichomoza, pembeni yake pana alama ya X, ibonyeze. Fatuma wa Malindi nilimwondoa kwenye kumbukumbu ile kwa mkono wangu, ingawa ni mtu mwema, na baadaye nilimwandikia kumweleza kwa nini.

Nilijaribu pia kuirudisha barua. Outlook ina njia ya kuita barua irudi, na kwa kuwa mpokeaji alikuwa ndani ya shirika letu, ingenisaidia kama hajaisoma. Alikwisha kuisoma. Kwa mtu wa nje ya shirika njia hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo usiihesabu kuwa kinga. Kinga niliyoiweka ni kanuni ya kuchelewesha: kila barua yangu sasa inakaa kwenye kisanduku cha kutoka dakika tatu kabla ya kuondoka. Programu inaruhusu mpaka dakika 120. Dakika tatu zinanitosha kusoma tena mstari wa juu, ambao siku ile sikuusoma, huku aya zote tatu za chini nikizisoma mara mbili.

Hayo ndiyo niliyoyapata siku ya kwanza. Yaliyonikaa moyoni zaidi niliyagundua baadaye, nilipoanza kusafisha anwani zangu.

Nilikuwa na watu zaidi ya 400. Nilifungua orodha nikakuta herufi ya M imefura na nyingine nyingi karibu hazina watu. Akina Zuhura, akina Rukia, akina Athmani, akina Khadija, wote hawakuwa mahali ninapowatafuta. Walikuwa wamefichwa chini ya babu zao. Programu hii imekuja na chaguo-msingi la kumpanga kila mtu kwa jina lake la mwisho, kisha mkato, kisha majina yake ya mbele. Rukia Ali Mohamed anawekwa kuwa Mohamed, Rukia Ali. Mahali ambapo jina la mwisho ni la ukoo, na ukoo mmoja una watu wachache, mpangilio huo una faida yake. Amu jina la mwisho la mtu ni la babu yake, au la babake, na mababu zetu wengi waliitwa Mohamed, Ali, Omar, Abdalla na Ahmed. Zipo familia zenye nisba zao, yaani majina ya ukoo, na zinajulikana, lakini wengi wetu tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Na mtoto mara nyingi hupewa jina la babu, kwa hiyo utamkuta Mohamed Ali Mohamed ambaye babake ni Ali Mohamed Ali, wote wawili wana anwani za baruapepe, na wote wawili wanaleta ankara ofisini kwetu.

Mwanamke wetu akiolewa habadilishi jina. Anabaki binti wa babake. Kwa hiyo hata ile njia ya kuwapata mume na mke pamoja kwa jina la mwisho, huku kwetu haipo.

Huu ndio mpangilio wa pili ninaokuomba uubadilishe. Ingia Faili, kisha Options, kisha People. Hapo juu kuna sehemu ya majina na namna ya kuyapanga. Badilisha namna ya kupanga ianze na jina la kwanza, mtu awe Rukia Ali Mohamed, kama anavyoitwa na mamake. Fahamu kwamba mabadiliko hayo yanawashika watu utakaowaongeza kuanzia siku hiyo. Wale wa zamani wanabaki walivyo mpaka uwafungue mmoja mmoja. Na hata ukimaliza, kidirisha cha kitabu cha anwani kina mpangilio wake wa kuonyesha majina, uko kwenye mipangilio ya akaunti, ukurasa wa vitabu vya anwani: chagua kitabu cha Outlook, bonyeza kubadilisha, uweke jina la kwanza litangulie. Mahali patatu kwa jambo moja. Sioni sababu ya kupatawanya namna hiyo, lakini ndivyo palivyo.

Kwenye ukurasa ule ule wa People kuna alama ndogo inayosema programu iangalie watu waliojirudia unapohifadhi mtu mpya. Inaonekana ni msaada. Mwaka jana nilihifadhi Omar mmoja, fundi wa mbao wa Matondoni, programu ikaniambia mtu huyu yupo, je, nisasishe habari zake? Nikakubali, kwa haraka. Omar aliyekuwapo alikuwa mwalimu wa Shela mwenye majina yale yale matatu. Programu ililinganisha majina ikaona ni mtu mmoja. Simu ya fundi ikaingia kwa mwalimu, na kwa muda wa miezi nilikuwa namtumia mwalimu ujumbe wa kumwuliza mbao zimefika lini. Alinijibu kila mara kwa upole kwamba siye. Alama ile nimeiondoa. Kwetu watu wawili wenye jina moja ni watu wawili.

Hapa nilikumbuka barua za wazee. Marhumu babu yangu alikuwa na kasha la khati, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyingi zimeliwa pembeni. Nilipokuwa mdogo alinisomea chache. Khati ilianza kwa kumtaja anayeandikiwa na heshima zake, fulani bin fulani bin fulani, kisha salamu, kisha salamu za waliopo, ndipo jambo lenyewe lije. Nilikuwa naona ni urefu wa bure. Sasa naona kwamba mwandishi alikuwa anahakikisha khati haifunguliwi na mtu mwingine. Aliyeibeba alikuwa nahodha au abiria wa jahazi, na mitaa haikuwa na namba za nyumba. Hata leo ukija Mkomani ukaulizia namba ya nyumba utaonekana mgeni. Kilichomfikisha mwenye kubeba khati mpaka mlango wenyewe ni majina matatu, mtaa, na pengine kazi ya mtu. Sanduku la posta lilipokuja tuliendelea hivyo hivyo: S.L.P. ya duka la fulani, Lamu, kisha "kwa mkono wa" fulani. Barua za mamangu kutoka kwa dada yake aliyeko Unguja zilipita kwa mwenye duka la nguo kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyofunguliwa na asiyehusika.

Ray Tomlinson alipoiweka alama ya @ mwaka 1971 katikati ya jina la mtu na jina la kompyuta yake, alimpa kila mtu mlango wake. Anwani ya baruapepe haifanani na nyingine duniani. Fatuma wa Malindi na Fatuma wa Mombasa anwani zao hazikaribiani hata kidogo, na kama ningeziona kwa macho siku ile nisingekosea. Lakini programu inaificha anwani nyuma ya jina, inakuonyesha jina tu, na jina ndilo tunalochangia.

Kwa hiyo nimerudisha mtindo wa khati. Kwenye ukurasa wa kila mtu, chini ya anwani yake, kuna kisanduku kinachoamua jina litakaloonekana kwenye mstari wa mpokeaji. Kinaitwa Display as. Huandikwa jina la mtu na anwani yake, nawe unaweza kubadilisha. Mimi ninaandika jina la mtu, la baba, la babu kama analo, kisha mtaa au mji, kisha kazi. Fatuma wa bima sasa anaonekana na neno bima na neno Mombasa mwishoni mwa jina lake. Nikiandika bima tu nampata. Na kwa kuwa jina linabaki limeandikwa lote juu ya barua, nalisoma tena katika zile dakika tatu.

Tahadhari moja hapo, na ni kubwa. Utakachoandika kwenye kisanduku kile kinaweza kusafiri na barua, na mpokeaji akakiona. Sisi tunajuana kwa lakabu, na lakabu nyingine mtu anaitwa nyuma ya mgongo wake na hazipendi. Nilimkuta mwenzangu ameandika lakabu ya mzee mmoja wa Siyu ambayo mzee yule akiisikia angeondoka barazani. Tuliifuta siku ile ile. Andika lile ambalo ungelisema mbele ya mtu mwenyewe.

Wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya baruapepe, wana jambo lao la kuangalia. Kule kuna kitabu cha anwani zako na kuna kingine kinachokusanya chenyewe kila anwani unayoiandikia. Hicho cha pili kinajaa watu ambao hukuwahi kuamua kuwahifadhi, na majina yao yanakuja jinsi yalivyotumwa. Ingia kwenye mipangilio ya kuandika barua, sehemu ya anwani, ukaamue kama unataka iendelee kukusanya. Mimi ningezima.

Nilimwandikia meneja taarifa ya yaliyotokea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na panapokuwa na hatari ya kweli ya mtu kudhurika kwa habari zake kufikia mikono isiyostahili, ofisi inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua. Wengine ofisini waliona ninajitafutia matatizo. Nahodha alidhurika, na aliyedhurika ana haki ya kuona kwamba jambo lake limeandikwa mahali. Kilichofuata ni cha ofisi na sitakieleza hapa, ila nitasema kwamba nilisikilizwa.

Baada ya hapo niliomba saa moja ya Ijumaa asubuhi na wenzangu wote wanane. Tulikaa kwenye chumba cha ghorofani, kila mtu na kompyuta yake, na punda wakipita chini na mizigo ya mchanga. Tukabadilisha pamoja, hatua kwa hatua. Kila mmoja aliandika jina la mtu wake wa karibu, akabonyeza Ctrl na K, tukaangalia nani anatokea. Kwa watu sita kati ya wanane alitokea mtu wa tawi jingine. Yule wa stoo alipoona jina la mkewe limempeleka kwa mhasibu wa kiume mwenye herufi zile zile za mwanzo, alisimama, akaifunga kompyuta, akatoka nje kidogo, kisha akarudi kumalizia. Alikuwa amemtumia mkewe mambo ya nyumbani kwa anwani ya kazi, na alikuwa anakumbuka yote.

Makao makuu nimewaomba mambo mawili kwa maandishi: kompyuta za matawi zije zikiwa zinaanza na anwani za mtumiaji mwenyewe, na majina kwenye orodha ya shirika yafuatwe na jina la tawi. La pili wamelifanya. La kwanza bado wanalijadili, nami naendelea kuuliza kila mwezi.

Kazi ya kuwarekebisha watu wangu 400 naifanya jioni, kumi kumi. Mtu nikiwa na shaka naye namwuliza mwenyewe: nikuandike vipi? Watu hulipenda swali hili kuliko nilivyodhani. Bibi mmoja wa Kipungani anayetuuzia mikeka alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema nimwandike kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyefia baharini, mama wa fulani, kwa sababu hilo ndilo analoitikia. Nimemwandika hivyo.

Wiki iliyopita Nahodha alikuja ofisini kutia saini karatasi za bima za awamu ya pili. Yuko kwenye matibabu, amepungua, anatembea polepole kupanda ngazi. Nilimwonyesha kioo, nikamwonyesha mstari wa mpokeaji na neno bima na neno Mombasa, nikatuma mbele yake, tukasubiri pamoja zile dakika tatu mpaka barua ikatoka kwenye kisanduku. Kisha nikafungua ukurasa wake yeye, ambao ulikuwa bado una jina la babu yake, mkato, na lake mwisho.

"Ami, nikuandike vipi?"

Akasogeza kiti. Akanitajia jina lake, na la babake, na la babu, na la baba wa babu, kisha mtaa, akitua baada ya kila moja ili niandike. Kisanduku kina nafasi. Niliyaandika yote.